Wakataji Hawapo, au Bei ya Mita Ndiyo Haipo?

Hotuba kwa wakulima, wakataji na viongozi wa vyama vya ushirika vya mkonge, Korogwe

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika, mliofika, wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wengine wote, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie upungufu wa wakataji. Nimewasikiliza wasemaji wawili walionitangulia. Wa kwanza amesema dawa ni kupeleka lori Kigoma kama walivyofanya watu wa zamani, lirudi limejaa. Wa pili amesema hapana, wageni ndio walioiua bei ya mita, yaani malipo ya mkataji kwa kila kipimo cha majani aliyokata. Wakizuiwa, mwenye shamba atake asitake atamlipa vizuri kijana wa hapa. Wote wawili mmewapigia makofi. Mimi nitawapinga wote wawili, kwa hiyo kama kuna makofi yangu, nipeni sasa hivi. (Kicheko.)

Tuanze na lori. Kilio cha "hakuna watu" kina umri sawa na mkonge wenyewe katika nchi hii. Miche ya kwanza aliileta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Ilitoka Florida ikapitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Mkonge ukaikubali ardhi yetu. Watu hawakuukubali mkonge. Msambaa, Mbondei na Mzigua walikuwa na mahindi yao na mihogo yao, na hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa na miiba ya mtu mwingine kwa malipo yale. Mwaka 1907 Wajerumani wa Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, wakaleta kadi: kila mwanamume awafanyie walowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne, la sivyo atachukuliwa kwenye kazi za serikali. Watu walikuwepo, wamejaa milimani. Kilichokuwa hakipo ni malipo ya kumtoa mtu shambani kwake kwa hiari.

Waingereza walipoichukua nchi, tatizo halikutatuliwa, lilihamishiwa mbali. Kama wenyeji hawataki, akatafutwe mtu ambaye kwao hakuna njia nyingine ya kupata pesa ya kodi. Wakatafutwa Waha wa Kigoma na Kasulu, Wabena wa Njombe, watu wa Ruanda-Urundi, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba kikaunda ofisi yake ya kuajiri, SILABU, yenye malori, makambi ya njiani na mikataba ya kutia dole gumba. Hao ndio manamba. Najua nusu ya ukumbi huu ni wajukuu wao, kwa hiyo msinione kama ninawafundisha habari za babu zenu.

Ila naomba tukiangalie kipande, ile kadi ya manamba ya kutiwa alama za siku za kazi, kwa karibu kidogo, maana ndani yake ndimo yalimo majibu ya mjadala wa leo. Kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi, na mtu alipewa siku 42 za kukimaliza. Siku ambayo hukutimiza kazi uliyopimiwa haikutiwa alama. Umeamka saa kumi alfajiri, umekata, umebeba, umefunga mizigo ya majani thelathini thelathini, halafu mnyapara anapita anasema huu umepungua, ule una majani mafupi. Basi. Siku imekufa, na wala hakuna wa kumlalamikia. Sehemu ya mshahara ilizuiliwa mpaka mwisho wa mkataba, akaipokee akirudi kwao. Na akitoroka kabla, lile halikuwa jambo la kudaiana tu, lilikuwa kosa la jinai. Anakamatwa na polisi.

Sasa niambieni: mtu huyo bei yake ilikuwa ndogo kwa sababu ametoka Kasulu? Angetoka Handeni akafungwa vilevile, angelipwa vilevile. Bei yake ilikuwa ndogo kwa sababu hakuweza kuondoka. Shamba la jirani likitangaza senti kumi zaidi, yeye hawezi kwenda. Mwenye shamba alichokinunua kwa SILABU kilikuwa kile kifungo, na alikuwa tayari kulipia nauli ya treni kutoka Kigoma ili akipate.

Uhuru ulipokuja, mambo yakageuka haraka kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1962 ikapita sheria ya kiinua mgongo. Mwaka huohuo Donald Chesworth aliletwa kutoka Uingereza kuongoza bodi ya kima cha chini, na viwango vikaanza kutumika 1963. Mwaka 1964 ukaundwa mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Kipande kikafa, ukaja mshahara wa mwezi. SILABU nayo ikafungwa katikati ya muongo ule. Mishahara ya mkonge ilipanda kwelikweli, hilo sibishi.

Namwona msemaji wa pili anatabasamu. Subiri kwanza, ndugu yangu.

Jambo la kwanza, mishahara haikusubiri lori lisimame ndipo ipande. Ilianza kupanda lori likiwa bado linatembea. Mazinde, hapo juu tu barabara ya Mombo, wafanyakazi waligoma mwaka 1958, manamba na wenyeji pamoja. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, cha akina Victor Mkello, kiliingia kambi kwa kambi, na wenye mashamba wakaketi mezani kwa sababu korona, zile mashine za kutoa nyuzi kwenye majani, zilikuwa zimenyamaza. Mkello mwenyewe yaliyompata mnayajua: Januari 1963, baada ya migomo, serikali yetu wenyewe ikampeleka akakae Sumbawanga. Februari mwaka uliofuata vyama vyote vya wafanyakazi vikavunjwa, kikabaki kimoja cha taifa, NUTA, na mkataji hajapata tena sauti kama ile. Haya si maneno ya kupendeza kuyasema mbele ya viongozi, lakini nimeshastaafu.

Jambo la pili ni hesabu ya waliobaki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mkonge ulikuwa umeajiri watu zaidi ya laki moja. Ndani ya miaka ya 1960 idadi hiyo ikapungua kwa zaidi ya nusu. Na mwaka 1964, watu wakiwa wameshaanza kupunguzwa, ndio mwaka ambao Tanganyika ilitoa mkonge mwingi kuliko wakati wowote kabla au baada yake, takriban tani 230,000. Imekuwaje watu wapungue na mkonge uongezeke? Ni kwamba mtu akiwa bure, hakuna anayemhesabu. Wapo wa kufagia uwanja, wapo wa kubeba maji, wapo wa kusimama tu. Mtu akiwa ghali, anahesabiwa. Kazi ya siku ikaongezwa, wanyonge wakaondolewa, barabara za shambani zikapangwa upya ili trekta lisizunguke. Aliyebaki alilipwa vizuri na kuchoka zaidi. Aliyeondolewa alirudi Njombe na kiinua mgongo chake, na katika hesabu za mishahara iliyopanda yeye hayumo.

Halafu bei ya dunia ikaanguka. Kuanzia 1965 kamba za nailoni na mkonge wa Brazili vikatubana, na kufikia 1967 bei ilikuwa kama nusu ya ile ya 1964. Oktoba mwaka huo serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba. Yaliyofuata mmeyaona kwa macho: pori. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa inatoa kama tani 20,000. Wapo wanaosema utaifishaji ndio ulioua mkonge, wapo wanaosema ni mishahara. Mimi nasema singa, ndiyo nyuzi za mkonge, iliyokosa bei haiwezi kumlipa mtu yeyote, awe mgeni awe mwenyeji, awe chini ya mzungu awe chini ya shirika la umma. Lakini huo ni mjadala wa siku nyingine na chai yake.

Nivuke bahari kidogo. Miaka ileile tuliyoifunga SILABU, Wamarekani walilifanya jaribio ambalo msemaji wetu wa pili analitaka, tena walilifanya kwa ukamilifu kuliko sisi. Tangu mwaka 1942 walikuwa na mkataba na Meksiko wa kuleta vibarua wa mashambani, walioitwa bracero. Mwaka 1956 pekee waliletwa karibu 445,000. Ukiusoma mkataba ule utadhani umeandikwa Korogwe. Kibarua alifungwa kwa mwajiri mmoja. Katika miaka ya mwanzo asilimia 10 ya mshahara ilizuiliwa mpaka arudi kwao, na wengi hawakuiona pesa hiyo. Vizee vilikuwa bado viko mahakamani miaka ya 2000 vikiidai. Septemba 1963, karibu na Chualar kule California, lori lililogeuzwa basi likagongwa na treni likiwa limewabeba kutoka shambani, wakafa 32.

Vyama vya wafanyakazi, makanisa na serikali ya Kennedy vilisema mpango huu unawakandamiza Wamarekani wenyewe. Wakiondoka wageni, mishahara itapanda. Tarehe 31 Desemba 1964 mpango ukafungwa. Wenye mashamba wakapiga yowe kwamba mazao yataoza. Waziri wa Kazi, Willard Wirtz, akapata wazo: tuwachukue wavulana wa sekondari, wanamichezo wenye misuli, wakavune wakati wa likizo. Walitakiwa 20,000. Walioenda walikuwa kama 3,300, na wengi wao baada ya siku chache kwenye jua la matikiti wakagoma au wakarudi kwa mama zao. (Kicheko.) Mnacheka, lakini na sisi tumewahi kusema tuwapeleke vijana wa vijiwe wakakate mkonge.

Je, mishahara ilipanda? Mwaka 2018 wanauchumi watatu, Michael Clemens, Ethan Lewis na Hannah Postel, walichapisha kazi waliyoifanya kwa kufukua takwimu za majimbo. Walilinganisha majimbo yaliyokuwa yanawategemea sana Wameksiko na yale ambayo hayakuwa nao kabisa. Kama kuwaondoa kungepandisha mishahara, ile ya California ingeiacha nyuma ya majimbo mengine. Haikuiacha. Ilikwenda sambamba, kama vile hakuna kilichotokea.

Kwa nini? Jibu liko kwenye zao la nyanya. Katika Chuo Kikuu cha California pale Davis, mtu mmoja aitwaye Jack Hanna alikuwa ameshughulika tangu miaka ya 1940 kuzalisha nyanya yenye ganda gumu inayoiva yote kwa mpigo, huku mhandisi Coby Lorenzen akitengeneza mashine ya kuivuna. Mashine ikawepo, wakulima hawakuitaka. Bracero alikuwa rahisi zaidi. Mwaka 1963 nyanya za kiwandani karibu zote zilivunwa kwa mkono. Kufikia 1968 zaidi ya asilimia 90 zilivunwa kwa mashine. Mlango ulipofungwa, mwenye shamba hakwenda kumtafuta kijana Mmarekani amwongeze mshahara, alikwenda kununua chuma. Na pale ambapo hakukuwa na mashine, kwenye asparaga na stroberi, alipunguza kulima. Hapa jirani zetu wa Kericho, Kenya, wanaijua habari ya mashine: mwaka 2023 mashine za kuchuma majani chai zilichomwa moto.

Lakini kuna zao moja lililokataa kufuata habari hii, nalo ndilo ninalotaka tulitazame leo. Zabibu za mezani. Zabibu haikuwa na mashine. Ikiguswa vibaya inapasuka, na ikiiva ina siku zake chache. Mwaka 1965 Wafilipino wa California, wakiongozwa na Larry Itliong, walisema jambo rahisi sana: kiwango cha kibarua mgeni ni dola 1.40 kwa saa, sisi tunalipwa pungufu, tunataka ileile. Kule bonde la Coachella, mavuno ya kwanza yakiwa yanaiva, walipewa. Walipofika Delano mwezi Septemba wakakataliwa, wakagoma, wakaungana na Wameksiko wenyeji wa akina Cesar Chavez, na ikachukua mpaka 1970 kupata mikataba, tena baada ya watu wa mijini kususia zabibu madukani. Wageni walio wengi walikuwa wameshaondoka. Kuondoka kwao kuliwapa wavunaji nafasi, lakini nafasi ile ilikuwepo pia kwenye nyanya na haikumsaidia mtu. Kwenye zabibu walikuwepo watu waliokaa pamoja wakasema bei, na zao lililokuwa haliwezi kusubiri.

Turudi kwenye mkonge wetu. Mkonge wenyewe unasubiri. Jani lisipokatwa mwezi huu litakatwa mwezi ujao, na ndiyo maana mkulima ana kiburi kwa mkataji. Lakini jani likishakatwa, saa inaanza kwenda: lipite kwenye korona haraka, likikaa juani singa inaharibika. Na korona haiwezi kula hewa. Ukiiwasha kwa nusu mzigo, mafuta na mafundi ni walewale. Kwa hiyo mkataji ana nguvu yake, ipo kwenye korona, si shambani. Wazee wa 1958 walilijua hilo.

Na mashine ya kukata jani, kama ile ya nyanya, hatuna. Mmea umekaa kama mikuki iliyopangwa duara. Mkataji anainama, anaacha majani ya juu, anakata ya chini, anatoa mwiba wa ncha, anakwenda wa pili. Jicho lake ndilo linalojua pa kuishia. Akikata sana, mmea unadumaa na mkulima anaula mwaka wa kesho leo. Mtu huyo ni fundi, tunamlipa kama mpagazi, halafu tunashangaa amenunua bodaboda.

Sasa nani mwenye shamba leo? Hapo ndipo habari inapokuwa chungu. Hale, Magoma, Magunga, Mwelya, Ngombezi: mashamba yaliyokuwa ya makampuni sasa wamo wakulima wadogo, nyinyi mlioketi hapa. Mjukuu wa manamba leo ni mwajiri. Na nimewasikia wenyewe kwenye mikutano mkitumia maneno yaleyale ya chama cha wenye mashamba: watu wavivu, watu hawapo, tukatafute mbali. Mama mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Mama yangu, sikukutaja wewe.

Najua mtaniuliza pesa itoke wapi, maana mkikatwa gharama zote kwenye mauzo mnabaki na kidogo. Swali la haki. Katika kila kilo mia za majani mnazopakia kwenye trekta, singa ni kama kilo nne. Zinazobaki ni maji na taka mnazozilipia nauli kwenda na gharama ya kuzimwaga. Korona ndogo ya kuhamishika ikisogezwa shambani, nauli hiyo inapungua, na hapo ndipo pa kumwongezea mkataji kabla hamjafikiria kumwongezea mkulima. Nasema kabla, kwa makusudi. Mkulima bila mkataji hana cha kuuza.

Kuna jingine ambalo halihitaji mashine wala mkopo. Mkataji anakata asubuhi, trekta halifiki, au korona imeharibika bado kipuri kiko Tanga. Majani yanakauka. Anaambiwa mita hiyo haihesabiwi kwa sababu haikupokelewa kiwandani. Hicho ni kipande, ndugu zangu! Siku imekufa, kosa la trekta, hasara ya mkataji. Mita ipimwe shambani ilipokatwa, iandikwe mbele yake, na ilipwe hata kama korona imelala. Mtaona ni wangapi watarudi kabla hamjaongeza hata shilingi.

Na wageni? Waje. Kijana wa Kasulu akipanda basi kwa nauli yake, akafika stendi ya Korogwe akauliza wapi wanalipa vizuri, huyo hamshushii mtu bei. Akiona Ngombezi pabaya atakwenda Magoma, na asipopaona Magoma atakwenda mashamba ya miwa Kilombero. Ninayemkataa ni wakala wa lori, yule anayelipa nauli halafu anashika kitambulisho cha mtu mpaka deni liishe. Ushirika wowote utakaomtumia wakala wa namna hiyo, bei ya mita itashuka kwa wote, mpaka kwa mtoto wa Mzigua aliyezaliwa hapohapo.

Mwenyekiti, ninayo mapendekezo mawili niyaache mezani yaingie kwenye maazimio. La kwanza ni hilo la mita kupimwa shambani. La pili, wakataji wawe na wajumbe wao kwenye kikao kinachopanga bei ya mita kila msimu, wawili au watatu, wachaguliwe na wenzao, wa Korogwe na wa kutoka mbali bila kubaguana. Sasa hivi bei inapangwa na mkulima, meneja na dereva wa trekta, na anayekata anaisoma kwenye ubao.

Nimemaliza. Kuna wakataji sita au saba wamesimama kule mlangoni tangu nianze. Naomba maswali yaanze kwao, sisi wengine tumeshasema vya kutosha.